Kinanda Kisicho na Mvukuto

Saa nne na dakika ishirini na mbili asubuhi, Jumapili moja ya kiangazi, mvukuto wa kinanda cha kanisa letu ulipasuka katikati ya ubeti wa tatu. Dakika naijua kwa sababu nilikuwa nimetazama saa wakati huo huo, nikipima kama nitawahi gari la kurudi Kitale. Kilisikika kishindo kidogo kama cha gunia linalokatika mshono, kisha noti zote zikateremka pamoja, zikawa nzito, zikanyamaza. Dada yangu, ambaye ndiye aliyekuwa akikipiga, aliendelea kukanyaga kwa muda, mikono ikiwa bado juu ya vitufe. Waimbaji waliumaliza ubeti peke yao.

Kanisa lenyewe liko nje kidogo ya mji wa Bungoma, upande wa kwenda Bumula. Ndiko tulikobatizwa sisi wawili. Mimi niliondoka nikiwa na miaka kumi na tisa, nikaenda Kitale kutafuta kazi, nikawa fundi wa pampu za visima. Sikusomea kazi hiyo popote. Niliisoma kwenye vitabu vya kuazima na kwenye pampu zilizoharibika. Yeye alibaki nyumbani, akafundisha shule ya msingi hadi akastaafu, na kila mtu, hata waliomzidi umri, humwita Mwalimu. Kinanda amekipiga miaka thelathini na mmoja. Kilikuwa kinanda cha kukanyaga: miguu inasukuma hewa ndani ya mvukuto wa ngozi, hewa inapita kwenye ndimi ndogo za shaba, nazo zinalia. Miaka ya karibuni aliteguka goti la kushoto aliposhuka vibaya kwenye pikipiki, na tangu hapo mguu huo haukufika chini. Wa kulia ulikanyaga hadi mwisho, wa kushoto ukaishia nusu. Watu hawakuona tofauti, kwa sababu aliuongezea wa kulia kazi.

Baada ya ibada nilifungua ubao wa nyuma. Ngozi ilikuwa imekauka kama ganda la mhogo, panya walikuwa wamekula pembe, na ule ubao wa chini, mchwa walikuwa wamebakiza rangi tu. Nilikuwa nimeshauziba mvukuto huo mara mbili kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Safari hii hapakuwa na mahali pa kubandika kiraka.

"Kitapona?" dada aliniuliza.

"Hiki kimekwisha, dada."

"Kimekwisha, ama wewe ndiye umechoka nacho?"

"Kimekwisha."

Alishusha kifuniko, akakipangusa kwa leso kama alivyofanya kila Jumapili, akaenda kusalimia watu.

Kamati ya kanisa ilikaa wiki iliyofuata, nami niliombwa nifike kwa sababu ya ufundi. Mwenyekiti ni mzee aliyestaafu ukarani wa serikali, mtu asiyesema neno kabla ya kufungua daftari la kumbukumbu za kikao. Alisema kanisa litangoja hadi ibada ya mavuno. Ikiwa kufikia siku hiyo hakuna chombo ambacho Mwalimu anaweza kukipiga, kwaya itakabidhiwa kwa wengine, nao wataimba kwa makofi na ngoma, na Mwalimu atapumzishwa kwa heshima na kupewa zawadi ya blanketi. Dada alikuwa amekaa pale pale, akisikiliza blanketi lake likipangwa. Mume wake alikuwa ameshafariki na watoto wako mbali. Alhamisi ilikuwa siku ya mazoezi na Jumapili siku ya ibada. Siku nyingine tano alizipitisha akizingoja hizo mbili. Hilo mimi nililijua, na nadhani Mwenyekiti pia alilijua, maana hakumtazama alipokuwa akisoma.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini hawakununua kinanda cha umeme kama makanisa mengine. Walishajaribu njia hiyo. Miaka michache kabla, kamati ilimwajiri mpigaji kutoka mjini, aliyekuja na kinanda chake, ili Mwalimu aweze kupumzisha goti. Alipiga vizuri hata watu wa makanisa ya jirani wakawa wanakuja kusikiliza. Jumapili moja, wakati wa sadaka, simu yake ililia. Akainuka, akatoka nje kuongea karibu na ua wa msaipresi, na kinanda kikaendelea. Kikapiga ubeti wa pili, kikapiga wa tatu, kikatia na madoido ya mwisho. Mfanyabiashara mmoja wa mahindi kutoka Myanga, anayeimba sauti ya tatu, ndiye aliyezunguka nyuma ya kinanda akachomoa flashi, akaiinua watu waione.

"Mpigaji ni huyu," alisema. "Yule mwingine tumekuwa tukimlipa bure."

Kanisa lilicheka, wazee hawakucheka. Wiki ile waliandika katika daftari kwamba sauti yoyote iliyorekodiwa isitumike katika ibada; sifa itolewe na mtu aliye hai, wakati ule ule anapoitoa. Baadaye walifikiria kununua kinanda kipya cha dukani, lakini Mwenyekiti, ambaye husoma hata maandishi yaliyo chini ya boksi, aliona wenye kiwanda wakijisifu kwamba sauti zote za ndani zilirekodiwa kutoka kwa vyombo halisi. Akarudisha boksi kaunta. Kwake, flashi ilikuwa imefichwa ndani zaidi, basi.

Mimi nilikuwa na jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Kwa miaka miwili, kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, nilikuwa nikikaa katika chumba changu cha kuwekea vyuma vya kazi Kitale, nikiwa na koti kwa sababu ya baridi, na kujaribu kutengeneza ndani ya kompyuta kinanda cha mabomba, kile cha makanisa makubwa ambacho kila noti ina bomba lake la kupulizwa hewa.

Vinanda vingi vya namna hiyo hufanya kazi kama albamu ya picha. Mtu huenda kwenye kanisa kubwa ng'ambo, akarekodi kila bomba moja moja, na wewe ukibonyeza kitufe, kompyuta inakuletea ile rekodi. Vinataka kompyuta yenye kumbukumbu kubwa kuliko mfuko wangu. Halafu unachosikia ni jengo la watu wengine, na kuta zao, na baridi yao. Programu niliyoipata mimi hutolewa bure na watu wanaopenda mambo haya, na haina rekodi hata moja. Inakuuliza maswali. Bomba lina urefu gani? Lina upana gani? Mdomo wake umefunguka kiasi gani? Hewa inaingia kwa shinikizo gani, na ina joto gani? Kisha kitufe kinapobonyezwa inapiga hesabu ya jinsi hewa hiyo ingetikisika ndani ya bomba kama hilo, mara maelfu kwa kila sekunde, na hesabu hiyo ndiyo inayopelekwa kwenye spika. Bomba halipo na halijawahi kuwepo. Lakini ukilirefusha kwenye skrini, sauti inashuka kama ambavyo ingeshuka.

Kwa mtu aliyeishi na mabomba na shinikizo, hayo yalikuwa maswali ya kila siku. Nilikata vipande vya mabomba ya plastiki ya maji, nikavichonga midomo kwa tupa, nikavipuliza kwa mashine ya kujazia magurudumu, na kulinganisha sauti yake na ile ya hesabu. Kila kipimo nilikiandika. Miezi sita ya kwanza kilichotoka ni sauti ya birika. Mwaka wa pili ulipoisha, nilikuwa na safu nne za mabomba yasiyokuwepo, kila safu ya aina yake, na sauti yake haikuniaibisha.

Kwa hiyo niliomba nafasi mbele ya kamati, nikaeleza. Nilieleza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mwenyekiti aliningoja hadi nikamaliza.

"Fundi, nikuulize mbele ya hawa wote. Ndani ya hiyo mashine kuna sauti ya kurekodiwa?"

"Hakuna."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Sauti inazaliwa kidole kikigusa. Kidole kikitoka, imekufa."

"Na mpigaji akitoka nje aongee na simu?" aliuliza yule mfanyabiashara wa Myanga.

"Inanyamaza."

"Basi imeshinda bibi yangu, bana. Yeye nikitoka anaendelea."

Hata Mwenyekiti alitabasamu. Kisha akaandika maneno yangu kwenye daftari, akaligeuza upande wangu, nikatia sahihi chini yake. Kanisa letu halina desturi ya kuapisha watu. Sahihi kwenye daftari lile ndiyo kiapo chetu. Watu wamesameheana mashamba kwa sahihi za namna hiyo. Harambee ilifanywa Jumapili mbili mfululizo, nikakabidhiwa shilingi elfu sitini na mbili.

Nilinunua kompyuta ya mtumba, kibodi mbili, ampilifaya na spika nne, nikampa seremala kazi ya kutengeneza kabati na benchi. Pesa hazikutosha, nikaongeza zangu. Majuma matatu kabla ya ibada ya mavuno nilikodi pikapu, nikakiteremsha Bungoma kwa barabara ya Webuye, kikiwa kimefungwa kwa magodoro. Kinanda cha zamani tulikisukuma hadi chumba cha nyuma, hiki kipya kikakaa mahali pake. Niliwasha, nikabadilisha kipimo cha joto kutoka baridi ya Kitale kwenda joto la Bungoma, nikamwita dada aketi.

Alipiga wimbo mmoja mzima. Alipomaliza aliweka mikono mapajani.

"Iko sawa," alisema.

"Sawa tu?"

"Noti ziko sawa. Ni tamu hata. Lakini haipumui. Ni kama kuongea na mtu ambaye humwoni akivuta pumzi. Hujui anamaliza saa ngapi."

"Ni kwa sababu hukanyagi, dada."

"Sababu naijua. Nakuambia kile nasikia."

Nilidhani ni mazoea yatakayopita. Alhamisi ya kwanza ya mazoezi niliona kwamba si mazoea. Miaka thelathini na mmoja miguu yake ndiyo iliyokuwa saa yake. Alijua ubeti umefika mwisho kwa sababu miguu ilikuwa imekanyaga mara kadhaa, alijua waimbaji wameshajaza vifua kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amejaza mvukuto. Sasa miguu ilikuwa imetulia sakafuni, na kila ubeti mpya aliuingia mapema. Waimbaji walikuwa bado wanameza mate yeye ameshaanza. Sauti ya kwanza ikamfuata, ya nne ikabaki nyuma, wakasimama. Wakaanza tena, wakasimama tena. Yule mfanyabiashara alijaribu kulifanya jambo la kuchekesha.

"Mwalimu, tupe nafasi hata ya kumeza. Hii gari yako mpya haina breki."

Dada alicheka kidogo. Mwenyekiti alikuwa amekaa benchi la nyuma kabisa. Alipopita karibu nami akitoka, alisema kwa sauti ya chini, "Labda ni umri, Fundi. Hakuna ubaya." Nilimwona dada akijifanya hajasikia.

Nilijaribu kwanza njia ya halali. Nilirudi Kitale nikiwa na nakala ya programu, nikajaribu kuiandikia mvukuto: shinikizo lipande na kushuka kama mtu anakanyaga, na hewa yenyewe isikike ikiingia. Kwenye karatasi hesabu ilikubali. Kwenye mashine ilikataa. Kompyuta ile ya mtumba haikuweza kubeba mabomba yote na mvukuto juu yake. Sauti ilianza kukatikakatika kama redio iliyo mbali na mtambo. Nilishinda nayo siku tisa. Zilikuwa zimebaki siku tano ibada ifike.

Ndani ya simu yangu kulikuwa na rekodi. Mwaka mmoja kabla mvukuto haujapasuka, nilikuwa nimekirekodi kinanda cha zamani ili nipime noti zake, niyape mabomba yangu urefu unaolingana na masikio ya kwaya. Dada hakujua, alikuwa akijiandaa kwa mazoezi, nami nilikuwa nimeweka simu juu ya kabati. Mwanzoni mwa rekodi ile kuna sekunde arobaini kabla hajagusa kitufe chochote, anajaza mvukuto tu. Ni miguu, ngozi na hewa.

Nilikata sekunde zile arobaini, nikaziunganisha mwisho na mwanzo, nikazipanga zizunguke chini kabisa ya sauti ya mabomba kila mara kitufe kinapobonyezwa. Ilikuwa kazi ya dakika kumi na tano. Nilijiambia kwamba pumzi si muziki, na kwamba sharti la kamati lilihusu muziki. Nilijiambia pia kwamba rekodi ile ilikuwa ya kanisa lile lile na kinanda kile kile. Nilikuwa na majibu mengi kwa mtu ambaye hakuna aliyemuuliza.

Alhamisi iliyofuata dada aliketi, akabonyeza kitufe kimoja, akakishika. Aliinamisha kichwa. Kisha akaanza wimbo, na ubeti wa pili aliuingia mahali pake, na wa tatu pia, na kwaya ikawa nyuma yake kama zamani.

"Sasa inapumua," aliniambia baadaye. "Umeifanya nini?"

"Nimerekebisha hewa."

Nakumbuka kwamba nililichagua jibu hilo mapema, ndani ya gari nikitoka Kitale.

Siku ya mavuno kanisa lilijaa hadi mlangoni. Mbele palipangwa mikungu ya ndizi, mahindi, viazi vikuu, na majogoo waliofungwa miguu ambao waliitikia kila wimbo. Dada alipiga nyimbo nne bila kosa. Watu waligeuka kumtazama, na wengine walinitazama mimi. Baada ya wimbo wa nne mchungaji aliomba maombi ya kimya, akamwashiria dada ashike sauti moja ya chini wakati watu wakiomba.

Aliishika. Kanisa lote lilinyamaza, hata majogoo. Kwa mara ya kwanza, kinanda kilisikika peke yake kwa zaidi ya dakika moja, kwa sauti ndogo sana, na chini yake ile pumzi.

Mimi nilikuwa benchi la tatu upande wa kulia, miguu yake naiona. Nikaona wa kulia umeanza kusogea juu ya saruji, ukashuka, ukainuka. Kisha wa kushoto ukashuka nusu, ukarudi. Tena wa kulia hadi mwisho, wa kushoto nusu. Ilikuwa inakwenda sawasawa na sauti iliyokuwa ikitoka kwenye spika. Alitazama chini akaiona miguu yake. Aliitazama kwa muda. Kisha akaondoa mikono kwenye vitufe, na pumzi nayo ikakatika.

Mchungaji aliposema amina, dada aligeukia kwaya akasema waimbe wenyewe zilizobaki. Watu walidhani amezidiwa na furaha. Mwenyekiti alimletea maji.

Tulikutana nyuma ya kanisa, mahali magari yanapoegeshwa.

"Ile miguu ni yangu," alisema.

Niliitazama miguu yake.

"Kushoto kunakatika. Hakuna mtu mwingine anakanyaga hivyo. Ulinirekodi lini?"

Nikamwambia. Nikamweleza pia kuhusu kompyuta, na siku tisa, na Alhamisi ile Mwenyekiti alipotaja umri. Alisikiliza yote.

"Ungeniuliza."

"Ungekataa, dada."

"Si ndiyo maana mtu huulizwa?"

"Nilikuwa nataka ubaki pale."

"Ati nibaki. Nimekaa pale nikipigiwa na miguu yangu mwenyewe ya zamani, na watu wamefumba macho wanaomba." Alisimama akitazama watu wakibeba ndizi za mnada. "Uwaambie. Nakupa mpaka Jumapili. Wewe ndiye uliweka sahihi."

Jumatano nilirudi Bungoma, nikachukua ufunguo kwa mtunza kanisa, nikafuta sekunde zile arobaini. Haikuchukua hata dakika moja. Kisha nikaondoa safu moja ya mabomba kati ya zile nne, na nafasi iliyopatikana kwenye kompyuta ikatosha kubeba mvukuto wa hesabu, mdogo, wenye sauti ya kukwaruza kidogo, lakini wa halali. Ningeweza kufanya hivyo tangu mwanzo kama ningekubali safu tatu. Sikuwa nimekubali kwa sababu ya kiburi cha safu nne. Nilifunga kanisa nikiwa nimeridhika, nikiamini kwamba kile nilichotia sahihi sasa kilikuwa kweli, na kwamba jambo lililokuwa limesahihishwa halikuhitaji kutangazwa.

Jumapili dada alinikuta mlangoni.

"Umewaambia?"

"Nimeitoa. Haimo tena. Hata ukisikiliza leo utaona."

"Sikukuuliza kama imo."

"Dada, wakijua wataondoa kila kitu."

"Umewaambia ama hujawaambia?"

Nikasema sijawaambia. Aliingia ndani. Hakuketi kwenye kinanda siku hiyo. Alisema goti linamsumbua, na kwaya ikaimba bila chombo. Baada ya ibada kamati ilikaa, na mimi niliitwa kwa sababu Mwenyekiti alikuwa ameandika barua ya kunishukuru. Alikuwa ameshaivaa miwani na kuikunjua barua dada aliposimama.

"Mwenyekiti, kabla hujasoma. Ile pumzi iliyokuwa ikisikika kwa kinanda siku ya mavuno ilikuwa ya kurekodiwa. Ni mimi nilirekodiwa, sikujua. Nilijua siku ile ile wakati wa maombi, nikanyamaza juma zima kwa sababu huyu ni ndugu yangu. Kwa hivyo mkiandika jina lake, niandikeni na mimi."

Akaketi. Mwenyekiti alikunja barua polepole, akaiweka ndani ya daftari, akaniuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli, na kwamba nimeshaifuta, na kwamba kinanda kilivyo sasa hakina rekodi yoyote. Niliwaomba waje waone. Wakaja wote, wakasimama nyuma yangu mbele ya skrini. Niliwafungulia kila kitu, safu kwa safu.

"Hizi ni nini?" Mwenyekiti aliuliza.

"Ni vipimo vya mabomba. Huu ni urefu, huu ni mdomo, hili ni shinikizo."

"Na mabomba yako wapi?"

"Hayapo, Mwenyekiti. Ni hesabu."

Alivua miwani, akaifuta, hakuivaa tena. "Na ile rekodi, ulipoiweka, ilikuwa inaonekana hapa?"

"Ilikuwa inaonekana kwa mtu anayejua mahali pa kutazama."

"Anayejua ni nani?"

Bungoma nzima sikumjua mwingine. Nikasema ni mimi.

"Sasa nikuamini kwa kuangalia nini?"

Nilitafuta jibu. Nina tabia ya kuamini kwamba kila swali lililoulizwa vizuri lina jibu, na lile lilikuwa limeulizwa vizuri. Pampu ukiitilia shaka unaifungua, unamwonyesha mwenye kisima pete iliyolika. Mimi nilikuwa nimetengeneza chombo kisicho na kitu cha kufunguliwa. Kitu pekee kilichokuwa kimekishikilia pale kanisani ni neno langu.

Yule mfanyabiashara wa Myanga aliniwekea mkono begani. Hakuwa akifanya mzaha safari hii. "Fundi, hata ile flashi tuliiona kwa macho, bana. Tulichomoa. Hii yako tutachomoa wapi?"

Waliandika uamuzi nikiwa nimesimama. Chombo kiondolewe. Pesa za harambee zirudishwe. Mwalimu apumzike uongozi wa kwaya kuanzia siku ile. Mzee mmoja alisema kumwadhibu aliyesema ukweli si haki, na Mwenyekiti akakubali kwamba si haki, lakini akasema hakuna chombo cha kumrudisha kukipiga. Ikabaki hivyo. Dada aliomba daftari, akatia sahihi yake chini ya uamuzi, akaenda nyumbani kwa miguu.

Sasa anakaa benchi la pili upande wa akina mama. Anaimba sauti ya pili, na anayezianzisha nyimbo ni mwingine, anayetoa noti kwa mdomo. Nikifika Bungoma tunasalimiana, ananipikia, ananiuliza habari za Kitale na bei ya mbolea. Alhamisi jioni hufunga mlango mapema. Mwezi mmoja baada ya yale, nilimwambia nitakipeleka kinanda nyumbani kwake, akipige pale sebuleni apendavyo, hakuna kamati huko.

"Nitampigia nani?" aliuliza, akaendelea kuchambua mboga.

Sikukipeleka. Niliuza kibodi zote mbili, ampilifaya na spika kwa shule moja hapa Kitale, kwa shilingi elfu kumi na tisa. Kompyuta haikupata mnunuzi, na programu haina bei. Zile elfu sitini na mbili za kanisa nilizirudisha kwa awamu nne, na kila mara Mwenyekiti aliniandikia risiti na kunipa chai. Nilikuwa nimeongeza zangu elfu ishirini na tatu na mia nne wakati wa kujenga. Ukizijumlisha na zile za kanisa, ukatoa nilichopata kwa kuuza, nilichopoteza mimi ni shilingi elfu sitini na sita na mia nne.